Mlo Uitwao Bendera

Saa sita au saba mchana, katika nyumba nyingi za wafanyakazi mjini Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika huko Karibi, chakula kilichopo mezani hufanana sana na kile cha jana: wali mweupe, maharagwe mekundu yenye mchuzi mzito, kipande cha kuku au cha nyama ya ng'ombe, na kachumbari kidogo. Wenyewe huuita mlo huu "bendera". Bendera ya taifa hilo, lililojitangazia uhuru mwaka 1844, ina rangi nyeupe, nyekundu na buluu. Nyeupe ni wali, nyekundu ni maharagwe. Buluu haimo sahanini, lakini nyama ikiwapo hakuna aiulizaye.

Msomaji wa pwani yetu hawezi kuwa mgeni katika jiko hilo. Ukoko wa wali, ambao huko huitwa concón, hauachiwi mwosha vyungu. Hukwanguliwa, ukatiwa mchuzi wa maharagwe, na wakubwa kwa watoto wakaugombea. Wakati wa Krismasi wali hupikwa pamoja na mbaazi, na wengi huongeza tui la nazi. Katika rasi ya Samaná, samaki nao hupikwa kwa tui.

Ufanano huo una historia, na sehemu kubwa yake ni chungu. Wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, Wataino, walikuna muhogo, wakaukamua maji yake yenye sumu, kisha wakauoka ukawa mkate mkavu usioharibika upesi. Wahispania walipofika mwaka 1492, maradhi na kazi za shuruti viliwaangamiza Wataino wengi mno. Mkate wao, casabe, haukufa. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Muhogo huohuo ulivushwa na Wareno kuja Afrika, nasi leo twauhesabu kuwa wetu. Mbaazi na ndizi nazo zilivuka bahari kwenda huko, katika zama zilezile ambapo Waafrika walisafirishwa kwa minyororo ili walime miwa.

Ndizi hizo ndizo mlo mashuhuri wa asubuhi. Ndizi mbichi huchemshwa kwa chumvi, zikapondwa pamoja na siagi au mafuta na maji kidogo mpaka zilainike, kisha juu yake huwekwa vitunguu vilivyokaangwa na kutiwa siki. Chakula hicho huitwa mangú. Mwenye uwezo huongeza "mapigo matatu", yaani mayai, jibini na soseji ya salami, vyote vya kukaanga. Asiye na uwezo hula ndizi na vitunguu, akaenda kazini ameshiba.

Chakula cha namna hii ndicho kinachobeba nyumba ya mtu wa kipato kidogo. Ukikigusa, umeigusa nyumba nzima. Mwezi Aprili mwaka 1984, Serikali ilipopandisha bei za vyakula na dawa kufuatana na mapatano yake na Shirika la Fedha la Kimataifa, wananchi wa vitongoji vya Santo Domingo waliingia barabarani. Askari walitumwa, na raia wengi wakauawa. Waliodai bei nafuu hawakuwa wakidai anasa.

Hata hivyo, ubahili haukuingia jikoni mwao. Kila Kwaresima, akina mama hupika uji mtamu wa maharagwe mekundu yaliyosagwa, wakatia maziwa, tui la nazi, sukari, viazi vitamu, mdalasini na karafuu. Sufuria huwa kubwa kupita mahitaji ya nyumba, kwa makusudi: bakuli moja huenda kwa jirani wa kulia, jingine kwa jirani wa kushoto, nao majirani hurudisha mabakuli hayo yakiwa na uji wa kwao.