KADI IPO MLIMANI, MWENYEWE YUPO BUKOBA!

Msomaji wangu, kuna kitendawili ambacho kila baada ya miaka mitano kinawarudia wasomi wetu wa vyuo vikuu. Leo nakitega hadharani: Haki ninayo, kadi ninayo, jina langu limo kwenye daftari, lakini kura sipigi. Mimi nani?

Ukishindwa nipe mji. Jibu ni mwanafunzi wa chuo kikuu.

Usicheke, jambo lenyewe ni zito. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 5, imeshamaliza ubishi: raia aliyetimiza miaka 18 anayo haki ya kupiga kura. Haikuuliza kama anaishi hosteli au bado yuko kwa mama. Sasa haki hiyo inapotelea wapi? Inapotelea njiani, kati ya stendi ya basi na ratiba ya chuo.

YA MWAKA 2010

Wakongwe wa Mlimani wanaikumbuka. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililoanzishwa mwaka 2004, liliboreshwa kabla ya uchaguzi wa 2010, na wanafunzi wengi wakaandikishwa wakiwa vyuoni. Kosa lao lipi? Hakuna. Mtu anaandikishwa pale anapoishi, na mwanafunzi sehemu kubwa ya mwaka anaishi chuoni.

Ikafika Oktoba 31, 2010, siku ya kura. Vyuo vikuu vilikuwa bado kufunguliwa! Kufungua kulisogezwa hadi Novemba, wakati kura zimeshahesabiwa na watu wameshakula viapo vyao. Basi ikawa kadi inasoma Mlimani au Dodoma, mwenye kadi yuko Bukoba, Songea au Kigoma anamsaidia mzee shambani.

Maneno yalikuwa mengi, jamani. Wapo waliosema hiyo ni mbinu ya kisiasa, wapo waliosema ni ratiba tu. Mimi ugomvi huo siuamui hapa, kwa sababu kwa mwenye kadi matokeo ni yale yale: hakupiga.

Mwaka ule walioandikishwa nchi nzima walizidi milioni 20, waliojitokeza wakawa takribani asilimia 43 tu, wakati mwaka 2005 walikuwa asilimia 72. Sisemi ni wanafunzi ndio walioshusha hesabu yote hiyo, wasingetosha. Lakini huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukamwimbia wimbo wa "vijana wa siku hizi hawajali".

MTEGO ULIVYO

Utaratibu wetu ni kwamba raia wa kawaida anapiga kura kwenye kituo alichoandikishwa, basi. Na chaguzi zetu ni za Oktoba: mwaka 2015 ilikuwa Oktoba 25, mwaka 2020 Oktoba 28, mwaka 2025 Oktoba 29. Oktoba hiyo hiyo ndiyo msimu wa vyuo kuanza mwaka mpya. Wa mwaka wa kwanza wanaripoti, wa mwaka wa pili wanasikilizia Bodi ya Mikopo, wa mwaka wa mwisho wameshaondoka na kadi zao bado zinasoma chuoni.

Chukua dogo wa mwaka wa kwanza aliyejiandikisha kijijini kwao. Akiitwa kuripoti wiki ile ile ya kura, afanyeje? Akienda chuo, kura imekufa. Akibaki kupiga kura, kitanda cha hosteli kinakwenda na maji, na muhula mzima atakuwa mtu wa kubebwa na wenzake.

Utasema apande basi akapige kura arudi. Sawa, kwa mshiko wa nani? Kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, kwenda tu. Boom lenyewe halijatoka. Nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya kula ya wiki kadhaa, na hakuna mzazi anayeuza mahindi ili mtoto akatumbukize karatasi kwenye sanduku.

KUHAMA NI KAMARI

Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi naipa haki yake. Uboreshaji wa daftari ulioanzia Kigoma Julai 2024 na kufika Dar es Salaam Machi 2025 uliruhusu mtu kuanza kubadili taarifa zake kwa simu, kisha akamalizie kituoni. Hiyo ni hatua.

Tatizo ni kwamba dirisha lilifungwa miezi kadhaa kabla ya kura. Unamwuliza mwanafunzi mwezi Machi, "Oktoba mwishoni utakuwa wapi?" Atajuaje? Hiyo ni kamari, na kura ya raia haistahili kuchezewa kamari.

MAJIRANI WANAFANYAJE?

Kenya, Katiba yao ya 2010 imeitaja siku yenyewe: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mwaka 2022 ikaangukia Agosti 9. Chuo kinachotaka kupanga ratiba kinajua miaka mitano mapema.

Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Ukijua siku ya kura utakuwa mbali na kwenu, unaiarifu Tume mapema kituo utakachopigia. Ukiwa nje ya jimbo lako unapewa karatasi ya bunge la taifa tu, ya jimbo unaikosa. Nusu shari kuliko shari kamili.

TUFANYEJE?

Kwanza, Tume na vyuo wakae meza moja. Tarehe ya kura na ratiba za kufungua vyuo zijulikane kabla daftari halijafungwa, ili mtu achague kituo akiwa na macho yake mawili.

Pili, kwa aliye mbali, apewe walau kura ya rais. Rais ni wa nchi nzima, si wa kata. Najua mtaniuliza, "Je, akipiga mara mbili?" Hapigi, kwa sababu anaarifu mapema, jina linatolewa orodha ya kwao na kuingizwa orodha ya chuoni. Alama za vidole tulishaanza kuzichukua tangu 2015, tunaziogopea nini?

Tatu, vituo viwekwe vyuoni kwa wingi. Katika uboreshaji huo wa juzi Tume iliweka vituo vya kuandikisha hadi magerezani, na ilifanya vizuri. Kama gereza linafikika, hosteli inashindikana nini?

Wapo wanaolalamika kwamba wanafunzi ni wapita njia, hawafai kuwachagulia wenyeji mbunge. Aha! Mtu anakaa Ubungo miaka minne anasomea uhandisi, anapanda daladala zao, anaibiwa simu kwenye vichochoro vyao. Huyo mpita njia gani?

NA NYIE WASOMI

Najua wengi mmekata tamaa baada ya Oktoba 29, 2025, siku iliyoishia kwenye vurugu, vifo na intaneti kuzimwa. Mnauliza kura ina maana gani. Ni swali halali, na wakubwa wanapaswa kulijibu kwa vitendo. Lakini mlango wa kura ukiachwa ujifunge wenyewe, kesho hakuna atakayeona haja ya kuufungua.

Uchaguzi mwingine ni 2030. Aliye kidato cha tatu mwaka 2026, akienda moja kwa moja, anamaliza kidato cha sita 2030, na Oktoba ya kura ndiyo Oktoba yake ya kuripoti chuo. Huyo ndiye wa kumfikiria leo, sio wiki moja kabla ya kura wakati begi lipo mgongoni na tiketi ya basi mkononi.

Haya, mwenye kadi aiangalie inasoma wapi. Mimi kalamu naiweka chini.