Nzi wa Matunda: Adui Asiyeshindwa na Mtu Mmoja

Wenyeji wa Isiolo hawahitaji kufundishwa maana ya karantini. Tangu siku za utawala wa Waingereza, mifugo iliyotoka Kaskazini ilisimamishwa Isiolo ikakaguliwa kabla ya kushuka kwenda masoko ya kusini. Kila mfugaji alijua ya kuwa ugonjwa wa zizi moja waweza kufunga soko la watu wote. Jambo kama hilo limewafikia sasa wenye miembe. Yafaa wakulima wa mashamba ya kunyweshwa maji, kama yale ya Kinna na Rapsu, walifahamu vema, pamoja na wachuuzi wauzao maembe ya Meru katika mji wa Isiolo.

Adui mwenyewe ni nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis. Alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, huko Pwani, na kwa miaka michache akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Wako nzi wa matunda walio wenyeji wa Afrika, walakini huyu mgeni amewazidi nguvu, kwani alikuja bila ya maadui wake wa asili. Hupenda sana maembe, lakini hushambulia pia mapera, mapapai, machungwa na matunda ya mwituni. Pasipo ulinzi, aweza kuharibu zaidi ya nusu ya maembe ya shamba.

Nzi jike hutoboa ganda la embe akataga mayai ndani, na kwa nje huonekana alama ndogo tu. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na funza huila nyama ya tunda hata likaoza na kuanguka. Ndipo funza hutoka, huingia udongoni kadiri ya vidole viwili au vitatu, na kujifungia katika ganda dogo la rangi ya kahawia, mfano wa punje ya mchele. Humo hutoka nzi mpya. Katika nchi ya joto mambo haya yote huchukua kama mwezi mmoja, na jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake.

Kwa hiyo, kunyunyizia dawa mti mzima hakutoshi. Dawa haimfikii funza aliye ndani ya embe, wala yule aliye udongoni. Tena huua nyuki na wadudu wengine walio rafiki wa mkulima. Njia zifaazo ni hizi:

Kwanza, okota matunda yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa juma, uyazike katika shimo la futi mbili kwenda chini. Usiyatupe uani wala mferejini.

Pili, tundika mitego yenye methili yujenoli, dawa ambayo harufu yake huwavuta nzi dume. Madume wakipungua, majike hukosa wa kuwapandisha.

Tatu, tumia chambo cha chakula. Jike huhitaji protini kabla ya kutaga; basi chambo cha protini kilichotiwa dawa kidogo hupakwa mahali pamoja tu pa mti, kila juma, tangu matunda yakiwa machanga.

Nne, watunze maadui wa nzi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoko Nairobi, kilileta kutoka Hawaii nyigu mdogo aitwaye Fopius arisanus, atagaye ndani ya mayai ya nzi na kuwaangamiza. Nyigu huyu hamdhuru mtu. Mkulima anyunyizaye sumu ovyo humuua msaidizi wake mwenyewe.

Lakini yote haya ni bure ikiwa shamba moja linasafishwa na la jirani limejaa maembe yaliyooza. Nzi hana mpaka. Ni sawa na mtu aogeshaye ng'ombe wake joshoni, kisha akawachanganya malishoni na ng'ombe wenye kupe. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na biashara hiyo haikuanza tena mpaka mwaka 2021. Hata mkulima aliyelisafisha shamba lake alilikosa soko hilo pamoja na mzembe.

Katika mashamba ya kunyweshwa, watu wamezoea kugawana maji ya mfereji kwa zamu, na kamati husimamia. Hapana budi kamati hizo ziweke pia siku moja ya kuokota matunda, kila shamba bila kukosa, na wachuuzi nao wayazike maembe mabovu badala ya kuyamwaga kando ya barabara. Kazi hiyo haidai fedha, ila jembe na mapatano. Mavuno mema ya jirani ni kinga ya mavuno yako.