Nodi ya Nyumbani: Mashine Ndogo Yenye Haki ya Kukataa

Tarehe 15 Agosti 2010, katika bloki nambari 74,638 ya Bitcoin, zilizuka ghafla sarafu zipatazo bilioni 184. Kwa kanuni za Bitcoin, sarafu zote zitakazowahi kutolewa hazitavuka milioni 21. Hakuna pochi iliyoibwa siku ile. Mtu fulani aliandika muamala wenye malipo mawili makubwa kupindukia, na programu ilipoyajumlisha, jumla ilizidi uwezo wa namba za biti 64 ikageuka kuwa hasi. Ukaguzi uliona namba ndogo, ukaupitisha muamala. Baada ya saa chache Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, alitoa toleo la 0.3.10 lenye marekebisho, wenye kompyuta wakalisakinisha, na mnyororo safi wa bloki ukaupita ule uliobeba bloki mbovu.

Je, wajua ni nani aliyezifuta sarafu zile? Hapakuwa na benki kuu wala mahakama ya kuamuru. Zilifutwa na watu waliobadilisha programu kwenye kompyuta zao wenyewe. Kompyuta ya aina hiyo huitwa nodi, na leo inaweza kukaa juu ya rafu sebuleni, kando ya ruta.

Wengi huichanganya nodi na mtambo wa kuchimba sarafu. Nodi haichimbi, na hailipwi chochote. Hupakua leja yote ya Bitcoin, yaani orodha ya miamala iliyopangwa kwa bloki, tangu bloki ya kwanza, ya tarehe 3 Januari 2009, kisha hukagua. Je, sarafu hii ilikwisha kutumika? Je, mchimbaji amejitolea sarafu mpya zaidi ya 3.125, kiwango kilichowekwa tangu Aprili 2024? Bloki ikivunja kanuni moja tu, nodi huitupa, hata kama imetoka kwenye mitambo yenye nguvu kuliko yote duniani. Sahihi za miamala ya miaka ya nyuma kwa kawaida hurukwa ili kuokoa muda, lakini mwenye mashine anaweza kuiamuru izikague zote, moja baada ya nyingine.

Uwezo huo wa kutupa bloki ulijaribiwa mwaka 2017. Mwezi Mei kampuni zaidi ya 50, pamoja na wachimbaji waliokuwa na sehemu kubwa ya nguvu ya uchimbaji, zilikubaliana kuongeza ukubwa wa bloki. Wenye nodi wengi hawakukubali. Baadhi yao walisakinisha programu ambayo kuanzia tarehe 1 Agosti ingekataa bloki yoyote isiyounga mkono badiliko jingine la kanuni, SegWit. SegWit ilianza kutumika tarehe 24 Agosti, na mpango wa kampuni ulisitishwa tarehe 8 Novemba. Ni kwa kiasi gani nodi za majumbani ziliamua jambo lile, watu bado wanabishana. Mimi naamini uzito ulitoka kwa nodi zilizotumika kupokea malipo ya kweli, kwa sababu mchimbaji hana faida na sarafu ambayo muuzaji ataikataa. Nodi inayowaka tu bila mwenyewe kuitumia ina sauti ndogo.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua chochote ni hili: pochi yako itaiuliza nodi ipi? Pochi nyingi za simu huuliza seva ya kampuni iliyozitengeneza. Seva hiyo huziona anwani zako zote zikiulizwa kwa mkupuo mmoja, na huona pia ombi limetoka kwenye mtandao gani. Ukiwa na nodi yako, maswali hayo hayatoki nyumbani.

Vifaa ni sehemu rahisi. Leja imepita gigabaiti 600 na inaendelea kukua, hivyo diski ya SSD ya terabaiti 2 ndilo chaguo la busara. Watu wengi walianza na Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, kompyuta inayoenea kiganjani. Inafaa, ila upakuaji wa kwanza huchukua siku kadhaa, na kadi ya SD haifai kabisa kubebeshwa leja kwa sababu huchakaa upesi kwa kuandikwa mfululizo. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ningependekeza laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 8 na betri inayoshika chaji. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, hifadhidata ya nodi inaweza kuharibika, na kuijenga upya ni kazi ya siku nyingine nyingi. Betri ile hufanya kazi ya UPS, yaani kifaa cha akiba ya umeme, bila gharama ya ziada. Intaneti nayo iwe ya malipo ya mwezi. Leja peke yake ingemaliza bando la simu mara nyingi, na baada ya hapo nodi iliyofungua milango huwapakia wenzake data mchana na usiku, ingawa upakiaji huo unaweza kuwekewa kikomo.

Programu ndiyo yenye uamuzi mgumu. Ndani ya karibu kila mfumo wa nodi za nyumbani kuna moyo uleule, Bitcoin Core, programu ya chanzo huria iliyotokana na ile ya Satoshi. Mifumo hii hutofautiana katika kuutunza moyo huo, na katika kiasi cha mamlaka inachokuachia.

Umbrel, iliyotoka mwaka 2020, ndiyo inayopendeza macho. Unaisakinisha, unafungua kivinjari, unabofya programu unayotaka kana kwamba uko dukani kwenye simu yako: nodi, hifadhi ya picha, filamu. Kila programu hukaa kwenye kontena yake. Msimbo wake uko wazi kusomwa na kurekebishwa, lakini leseni yake inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo haitimizi masharti kamili ya chanzo huria. Kwa mtu wa nyumbani hilo haliumi leo. Litamuuma siku kampuni ikibadili mwelekeo, kwa sababu fundi mwingine hataruhusiwa kuuchukua msimbo na kuufanyia biashara.

StartOS, ya kampuni ya Start9 ya Colorado, Marekani, ina leseni ya MIT, inayoruhusu karibu kila kitu. Sura yake ni kavu zaidi, lakini inajali mambo ambayo mtumiaji huyakumbuka baada ya msiba: nakala rudufu zilizosimbwa, na onyo pale programu moja inapotegemea nyingine isiyokuwepo. RaspiBlitz, mradi wa Kijerumani wa mwaka 2018, ni wa mtu asiyeogopa skrini nyeusi ya maandishi. Mashine yake unaweza kuifungia kioo kidogo kinachoonyesha bloki ilipofika, na hati zake za amri zinasomeka. Aliyejenga nodi kwa RaspiBlitz hujua kila kipande kiko wapi. Kwa anayetaka kujifunza, mimi ningeichagua hiyo, na kwa anayetaka kuiwasha na kuisahau ningempa StartOS.

Kuna njia ya nne ambayo wauzaji hawaitaji: Bitcoin Core peke yake kwenye kompyuta uliyo nayo. Ikiwekwa katika hali ya kupogoa, hukagua leja yote kisha hutupa bloki za zamani na kubaki na zile za karibuni, hata megabaiti 550 tu. Ukaguzi ni uleule. Unachokosa ni seva ya Electrum, inayozijibu pochi nyingi, kwa kuwa seva kama electrs huhitaji leja isiyopogolewa. Pochi ya Sparrow, hata hivyo, huweza kuzungumza na Bitcoin Core moja kwa moja.

Uangalifu mkubwa unahitajika ukianza kutumia Lightning, mtandao wa malipo ya haraka ambao mifumo yote mitatu huutoa. Leja ya Bitcoin ikipotea, dunia nzima inayo, utaipakua tena. Hali ya njia zako za malipo za Lightning iko kwako na kwa mwenzako wa upande wa pili wa njia tu. Ukirejesha nakala ya zamani na kuitangaza, itifaki hukuhesabu kuwa mlaghai na humruhusu mwenzako kuchukua pesa yote iliyo kwenye njia hiyo. Kunakili diski nzima kila wiki, desturi njema kwa kompyuta nyingine zote, hapa kunaweza kukufilisi. Kabla ya kuchagua mfumo, soma unavyohifadhi njia hizo.

Hata huo moyo sasa una mpinzani. Oktoba 2025 Bitcoin Core toleo la 30 lilipandisha kiwango cha data zisizo za malipo ambazo nodi itazipitisha, kutoka baiti 83 hadi 100,000. Waliopinga walihamia Bitcoin Knots, inayotunzwa na Luke Dashjr, na Umbrel na StartOS zote zinaitoa. Anayehamia aelewe anachopata. Kanuni zinazobishaniwa hapa ni za kupitisha miamala ambayo bado haijaingia kwenye bloki. Muamala huo ukishachimbwa, nodi zote mbili huipokea bloki yake. Knots inakupa uwezo wa kutosaidia kueneza kitu usichokipenda, lakini haina nguvu ya kukizuia kisiingie kwenye leja.

Core au Knots, usisakinishe kabla ya kulinganisha alama ya SHA256 ya faili uliyopakua na ile iliyochapishwa na watengenezaji, kisha uhakiki sahihi zao. Kwenye mifumo ya kubofya, kazi hiyo mfumo wenyewe ndio hukufanyia kwa programu zilizomo ndani yake. Faili ya mfumo wenyewe, ile ya mwanzo kabisa, utaihakiki kwa mkono wako.