Mzee Akitakiwa Kupimwa Utumbo Haraka



Kwenye mikutano yetu tunaongea bila shida juu ya presha, sukari na malaria. Lakini choo? Hapo kila mtu anatazama chini. Na wazee ndio wanaoficha zaidi. Mzee wa miaka 68 anaona damu chooni, ananyamaza. Mwezi wa pili ananunua dawa ya minyoo dukani. Mwezi wa tatu suruali inamlegea, mkewe anatoboa tundu jingine kwenye mshipi, na jibu ni lile lile: "Ni bawasiri tu, mama. Itapita."

Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli, au ameba, au kiuvimbe kisicho na neno. Wengi wanaotumwa kupimwa utumbo hawapatikani na saratani, yaani kansa. Mwambie mzee wako hivyo mapema, maana hofu ndiyo inayomfanya akatae kwenda. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kukisia, na kungoja ndiko kunakoua.

Watu wa Kibera hawahitaji mfano wa mbali. Ken Okoth, mtoto wa Kibera aliyekuwa mbunge wa Kibra tangu 2013, alitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo mpana, na kwamba imefika hatua ya nne. Alitibiwa Ufaransa, akarudi nyumbani, akafariki tarehe 26 Julai 2019 akiwa na miaka 41 tu. Ugonjwa huu huwapata zaidi waliopita miaka 50, lakini vijana pia wasijione wako salama.

Wako wanaosema ati huu ni ugonjwa wa wazungu. Maneno hayo yana chanzo chake. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940, aliona kwamba Waafrika waliokula vyakula visivyokobolewa walipata magonjwa ya utumbo mara chache kuliko watu wa Ulaya. Hiyo ilikuwa zamani. Leo madaktari wa Nairobi wanakutana nao kila mara.

Dalili ambazo si za kungoja

Damu kwenye choo, iwe nyekundu au choo kiwe cheusi kama lami. Choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kuharisha au kufunga, bila kurudi kawaida. Kuhisi bado kuna choo hata baada ya kutoka msalani. Kukonda bila sababu. Na jambo moja ambalo watu hawalijui: mzee akipimwa na kuambiwa damu yake imepungua, asipewe tu vidonge vya kuongeza damu mambo yakaishia hapo. Uliza: damu hiyo inapotelea wapi? Huenda inavuja tumboni kidogo kidogo.

Tumbo likivimba, mzee akawa anatapika na hapitishi choo wala hewa, hiyo si ya kungoja asubuhi. Utumbo waweza kuwa umeziba. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Anzeni na kituo cha karibu, kwa mfano Riruta kwa watu wa Kawangware au Mbagathi kwa watu wa Kibera. Ingia naye kwa daktari kama anakubali, kwa sababu wazee wengi wakifika mbele ya daktari kijana husema "tumbo linauma kidogo" na kutoka na dawa ya vidonda. Sema wewe: ni damu, ilianza lini, amekonda kiasi gani, ametumia dawa zipi. Daktari akitaka kumpima kwa kidole njia ya haja kubwa, mzee asione ni dharau. Ni kipimo cha dakika moja na uvimbe mwingine hugunduliwa hapo hapo. Choo chaweza pia kupimwa kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kikitoka safi lakini damu bado inaonekana nyumbani, rudini, msitosheke na hilo jibu.

Kisha ombeni barua ya rufaa kwa kipimo cha kamera. Hospitali Kuu ya Kenyatta wanafanya, na ziko nyingine za serikali, za misheni na za binafsi. Bei hupishana sana, kwa hiyo uliza mahali zaidi ya pamoja. Uliza pia kama SHA italipa na kiasi gani, na uulize kabla ya siku ya kipimo. Kadi ya zamani ya NHIF haifanyi kazi tena. SHA ilichukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024. Piga *147# uone kama mmeandikishwa nyote wawili na kama malipo ya mwaka yamekamilika. Msingoje mpaka mwenzako awe amelala kitandani ndipo mkimbizane na mambo ya kitambulisho.

Kule Uingereza hospitali zimewekewa lengo la siku 28, kutoka barua ya rufaa mpaka mgonjwa aambiwe ana saratani au hana. Hapa kwetu hesabu hiyo ishike wewe. Andika tarehe ya barua kwenye kalenda ya ukutani. Ukipewa miadi ya miezi minne, usiondoke dirishani kimya. Waeleze kuna damu na mzee anakonda, uliza kama kuna nafasi ya mapema au hospitali nyingine.

Usiku wa kuosha tumbo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na vile karatasi ya hospitali inavyoeleza ni kana kwamba kila mtu ana choo ndani ya nyumba. Ili kamera ione, utumbo lazima uwe mtupu. Mzee atapewa dawa ya unga ya kuchanganya na maji mengi, na ndani ya saa chache itamfanya aharishe, mara kumi au zaidi. Sasa fikiria mtu wa miaka 70 katika ploti ya vyumba kumi na choo kimoja, au pale ambapo choo cha kulipa hufungwa usiku na njia haina taa. Ndiyo sababu wengine hunywa nusu ya dawa na kumwaga iliyobaki. Halafu kamera haioni kitu, na siku, pesa na nauli zimepotea.

Jipangeni mapema. La kwanza ni kutafuta jamaa mwenye choo ndani, mkalale huko usiku mmoja. Hata chumba cha kanisa chenye choo karibu chaombwa, si aibu. Uliza pia kama hospitali itakubali kumlaza siku moja kabla. Ikishindikana kabisa, andaa ndoo yenye kifuniko na kiti imara cha kuegemea, mitungi miwili ya maji, sabuni, tishu, na mafuta ya kujipaka kwa sababu ngozi itamwasha. Weka pazia. Watoto na wajukuu walale kwa jirani. Ndoo imwagwe chooni asubuhi, isimwagwe mtaroni. Taa iwake usiku kucha, na usimwache aende peke yake, kwani akipungukiwa maji anaweza kuona kizunguzungu na kuanguka.

Siku chache kabla, apunguze maharagwe, githeri, sukuma wiki na matunda yenye mbegu. Siku ya mwisho ni vinywaji vya kuonekana chini tu: maji, chai ya rangi bila maziwa, supu iliyochujwa, maji ya glukosi. Vinywaji vyekundu hapana, vitaonekana kama damu. Mara nyingi nusu ya dawa hunywewa jioni na nusu alfajiri, nanyi fuateni maagizo ya hospitali yenu. Choo kikitoka kama mkojo, cha rangi ya manjano bila vipande, yuko tayari.

Dawa anazotumia zitajwe zote siku ya kuchukua miadi. Wa kisukari asinywe dawa zake za kawaida huku hajala mpaka aambiwe afanyeje. Vivyo hivyo dawa za kuyeyusha damu, na mwenye figo mbovu aseme mapema kwa sababu kuna dawa za kuosha tumbo zisizomfaa. Vidonge vya kuongeza damu kwa kawaida husimamishwa karibu wiki moja kabla, kwa sababu hufanya choo kiwe cheusi.

Kipimo chenyewe ni mpira mwembamba wenye kamera, huchukua nusu saa au zaidi kidogo, na kwa kawaida mzee hupewa dawa ya usingizi mwepesi. Usimwache apande matatu ya 46 au ya nambari 8 peke yake akitoka hapo. Asiendeshe gari wala boda boda, asitie sahihi karatasi yoyote mpaka kesho yake. Kujaa hewa ni kawaida. Damu nyingi, homa au maumivu makali ya tumbo, mrudishe.

Kinyama kimekatwa, jibu liko wapi?

Daktari akiona uvimbe mdogo anaweza kuutoa hapo hapo, na huo ni ushindi, kwa sababu uvimbe wa aina hiyo huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka saratani. Akikata kinyama, kitapelekwa maabara. Ukipewa chupa ukipeleke mwenyewe, kifikishe siku hiyo hiyo, hakikisha jina limeandikwa, na ushike risiti. Wengi huchoka hapa. Mzee anasema anajisikia nafuu, nauli imeisha, jibu linabaki kwenye faili. Uliza siku gani litatoka na uandike nambari ya simu ya kuulizia.

Kikundi kina nafasi yake. Mkopo wa dharura wa nauli na dawa ni sehemu tu. Mpeni mama mtu wa kukaa kwenye kibanda chake cha mboga siku tatu: ya kuosha tumbo, ya kipimo, ya majibu. Anayefunga biashara ndiye anayeahirisha. Na kama mgonjwa ni mama, haya yote ni kazi ya baba. Kubeba ndoo hakukupunguzii heshima.

Jibu likiwa ni saratani, ulizeni imefika wapi na kama upasuaji unawezekana, kwani ikikutwa mapema upasuaji peke yake waweza kutosha. Kabla ya hapo huenda akapigwa picha za CT. Nairobi Hospice, katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, huwasaidia wagonjwa na jamaa zao kwa maumivu na ushauri, na mtu haendi huko kwa sababu ya kufa tu. Mfuko wenye barua ya rufaa, picha, risiti na karatasi ya maabara ukae na wewe, sio juu ya kabati ambako wajukuu watauchorea.