Mtapo na korongo taji: Kimoja huoteshwa, kingine huachiwa maji

Muuza miche wa Iringa mjini na mkulima wa mpunga wa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, wanaweza kudhani hawana linalowaunganisha. Lakini wote wanahusika na viumbe vinavyoongezeka polepole na kulindwa kisheria: mtapo na korongo taji.

Mtapo hufanana na mnazi mfupi, lakini hautoi maua. Mbegu zake hukaa kwenye koni, na mti dume hutofautiana na mti jike. Shina hurefuka sentimeta chache tu kwa mwaka. Mbegu na majani yana sumu, hivyo usipandwe pale mifugo inapochungwa.

Korongo taji, ndege wa taifa la Uganda, hutaga mayai mawili au matatu kwa kawaida na kuyaatamia takriban mwezi mmoja katikati ya majani ya ardhi oevu. Tangu 2012 shirika la IUCN linamhesabu kuwa hatarini kutoweka.

Kibiashara, viwili hivi havifanani. Mitapo mingi ya asili ya Afrika imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, hivyo iliyochimbwa porini haina soko halali nje ya nchi. Mfanyabiashara anaweza kugeukia saikasi ya Japani. Machipukizi ya shinani hukatwa, jeraha huachwa likauke siku kadhaa, kisha hupandwa kwenye mchanga usiotuamisha maji. Subira inahitajika, lakini mali ni halali.

Korongo hana kitalu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumkamata bila kibali, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Ni kweli huokota mbegu za mahindi, lakini pia hula panzi na wadudu wengine.

Faida yake kubwa iko kwenye makazi yake. Ardhi oevu ya Ihefu hulisha Mto Ruaha Mkuu, unaopeleka maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi chini ya Ihefu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Anayeuacha ukanda huo humwachia korongo kiota, na hujiachia mwenyewe maji ya msimu ujao.