Kutoka '-nge-' hadi '-ki-': Tabianchi na hadithi za kesho

Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefunza shule ya upili huko Mkongani, Kaunti ya Kwale, ameniuliza swali ambalo nimeona heri nilijibie hapa ukumbini. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu aliandika insha ya kubuni kuhusu mwaka 2090. Katika insha hiyo, visima vyote kuanzia Gazi hadi Msambweni vimegeuka chumvi, na watu wa ufuoni hupanda vilima vya Shimba alfajiri kununua maji kwa watu wa Mkongani, ambao nao wameweka mabawabu kwenye chemchemi. Mwalimu mwenzake aliyeisahihisha aliandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Haiwezekani. Hii ni fantasia." Akakata alama. Je, ni fantasia kweli?

Jibu langu ni la. Lakini sababu yake inapitia kwenye sarufi, kwenye sayansi na kwenye historia ya riwaya, kwa hivyo msomaji wangu anivumilie kidogo.

Tuanze na sarufi. Kiswahili kina milango mitatu ya masharti. Tukisema "kisima kingaligeuka chumvi", mlango umefungwa: hakikugeuka na wakati umepita. "Kingegeuka chumvi", mlango umeegeshwa tu: si hali ilivyo, ila akili inaweza kuiwaza. "Kikigeuka chumvi", mlango u wazi. Na hapa lugha yetu ina jambo la kupendeza, kwamba kiambishi -ki- hakitenganishi "iwapo" na "pindi". "Mvua ikinyesha tutapanda" ni kauli ya mkulima asiyejua kama itanyesha, na ni kauli ya yule anayejua itanyesha ila hajui lini. Muktadha ndio unaoamua. Hoja yangu ni kwamba sayansi ya tabianchi imezitoa hadithi za mustakabali katika -nge- na kuzitia katika -ki-. Mwalimu aliyesahihisha ile insha aliisoma kwa -nge-. Binti wa watu aliiandika kwa -ki-.

Hebu tukitazame hicho kisima. Sehemu kubwa ya ufuo wa kusini imekalia mwamba wa matumbawe wa kale, wenye vitundu kama sponji. Mvua ikizama humo haikai peke yake. Huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kivyake, zaidi ya miaka 100 iliyopita, walipiga hesabu ambayo wanafunzi wa jiolojia huifunza hadi leo: kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Hesabu tamu hiyo, lakini igeuze. Pampu zikivuta maji mpaka kimo kishuke kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi utapanda, hatimaye, kama mita 20. Kisha uiongeze bahari yenyewe. Ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, inakadiria kwamba kufikia mwaka 2100 bahari za dunia zitakuwa zimepanda kwa wastani wa kati ya sentimita 28 na 55 tukijitahidi sana, na kati ya sentimita 63 na mita moja na ushei tukiendelea kuchoma kwa kasi.

Na Mkongani je? Iko kwenye nyanda za juu, upande wa vilima vya Shimba, mbali na mwamba wa matumbawe. Chemchemi za Marere katika vilima hivyo zimepeleka maji Mombasa tangu enzi ya ukoloni. Kumbe basi mwandishi wetu mchanga amebuni vitu viwili tu: bawabu na bei.

Zamani waandishi walikuwa na uhuru wa kutojali hesabu kama hizo. J. G. Ballard, Mwingereza, alipoizamisha London katika The Drowned World mwaka 1962, alililaumu jua: dhoruba zake ziliongeza joto duniani. Hapakuwa na mtu wa kushtakiwa. Lakini kufikia wakati huo Charles Keeling alikuwa na miaka minne akipima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alianza mwaka 1958 na chembe 315 katika kila milioni moja. Leo zimepita 420. Mstari ule unaopanda bila kurudi nyuma ulibadilisha riwaya kuliko nadharia yoyote ya fasihi ninayoifahamu, kwa sababu uliipa gharika mhusika. Octavia Butler alipochapisha Parable of the Sower mwaka 1993, California yake iliyokauka haikuhitaji jua lililopagawa. Ilihitaji majirani wale wale, na miaka 30.

Mfano ulio wazi zaidi ni riwaya ya Kim Stanley Robinson, The Ministry for the Future, ya mwaka 2020. Inafungua kwa wimbi la joto nchini India linaloua watu kwa mamilioni. Si joto la jangwani. Ni lile ambalo sisi wa pwani tuna jina lake, fukuto. Wanasayansi hulipima kwa kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi. Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber walionyesha kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35, jasho haliwezi tena kuupoza mwili, hata wa kijana mwenye afya aliyekaa kivulini na maji mkononi. Saa chache humtosha. Robinson aliichukua namba hiyo akaigeuza sura ya kwanza. Nasikitika kidogo kwamba neno fukuto, linalobeba joto na unyevu kwa pamoja, halijapata nafasi katika ripoti zetu za hali ya hewa.

Wala mkopo huu si wa upande mmoja. Mwaka 2000 IPCC ilipotoa ripoti ya makadirio ya utoaji wa gesi, wanasayansi hawakuanza na tarakimu. Walianza kwa kuandika masimulizi manne ya dunia zinazoweza kuja, wakayapa majina makavu ya A1, A2, B1 na B2, ndipo wakapiga hesabu za kila moja. Yaani wataalamu waliobobea, katika jopo ambalo mmoja wa wazazi wake ni shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililo pale Gigiri, walikiri kwamba kesho haipimiki kabla haijasimuliwa. Kisha mwalimu anakata alama!

Sasa turudi kwetu. Riwaya ya Kiswahili haiogopi ndoto. Katama Mkangi, msomi wa sosholojia na mwana wa pwani, alimrusha Dzombo katika chombo cha angani hadi sayari nyingine katika Walenisi, 1995. Kezilahabi alitupoteza katika Nagona na Mzingile. Said Ahmed Mohamed alimfufua babu katika Babu Alipofufuka, na Wamitila akatuzungusha ulimwenguni katika Bina-Adamu! Lakini kwa usomaji wangu, dunia inapoharibika katika kazi hizi, mkosaji ni utawala, ni ukoloni mamboleo, ni falsafa iliyoishiwa. Anga na bahari hubaki mandhari au ishara. Hazijawa wahusika wenye sheria zao.

Aliyetangulia ni mtengenezaji filamu. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ni filamu fupi ya dakika kama 20: vita vya maji vimepita, watu wanaishi ndani ya jengo, wanasafisha jasho na mkojo wao wenyewe wanywe, na Asha, mtunza makavazi, anapata udongo wenye unyevu na kutoroka nje kwenda kuotesha mbegu. Kazi nzuri kweli. Inafungua hata kwa kulichambua neno la Kikikuyu "maitu", mama, kama ukweli wetu. Ila kichwa ni cha Kiswahili na mdomo ni wa Kiingereza. Hilo silisemi kwa kulaumu. Msanii huenda palipo na fedha na watazamaji. Nalisema kwa sababu linaonyesha pengo lilipo.

Na pengo si la malighafi. Waswahili wana kalenda ya jua inayoanza siku ya Nairuzi na kugawa mwaka katika makumi ya siku, kila kumi likiitwa mwongo. Kwa miongo hiyo wakulima walijua lini watie mbegu na mabaharia lini watweke tanga. Sasa vuli inaweza kukauka mwaka mmoja na kufurika mwingine, kama ilivyofurika mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipopata joto kuliko kawaida. Nikitania, mwongo umekuwa mwongo. Hapo tayari pana riwaya.

Ama chukua Gazi. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, huuza kaboni inayozikwa matopeni na hekta 117 za mikoko, na fedha hizo zimeingia katika maji na shule. Lau mtu angeandika hayo mwaka Walenisi ilipotoka, kwamba watu wa Msambweni watawauzia watu wa Ulaya hewa iliyofukiwa, wino mwekundu ungalikwisha. Amitav Ghosh alilalamika mwaka 2016, katika The Great Derangement, kwamba riwaya inayojiita makini huyasukuma matukio ya tabianchi pembeni kwa kuwa yanaonekana hayasadikiki. Katika Gazi yasiyosadikika yana daftari la hesabu.

Kuhusu istilahi, mwalimu pia aliuliza. "Hali ya hewa" ni ya leo na kesho. "Tabianchi" ni wastani wa miaka 30 hivi, na neno lenyewe linajieleza, kwani tabia ya mtu huijui kwa hasira za asubuhi moja. Kwa gesi itokayo kwenye moshi, vitabu vingine vinasema "hewa ukaa", vingine "kaboni dioksidi". Mimi huchagua ya kwanza, maana kila aliyewahi kupuliza jiko la makaa anaisikia ndani yake. Mwanafunzi atumie yoyote, mradi asiibadilishe katikati ya ukurasa.