Ndege za Mfano: Mchezo wa Kila Rika

Wengi wetu hudhani kuunda ndege ndogo za mfano ni mchezo wa watoto tu. Tukitazama historia, tunaona sivyo. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha mjini Paris ndege ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Mwaka 1878, huko Marekani, Milton Wright, askofu wa kanisa la Kiprotestanti, aliwaletea wanawe Wilbur, miaka 11, na Orville, miaka 7, kidude cha kuruka kilichotokana na ubunifu wa Pénaud. Kilipovunjika, wakaunda vingine wenyewe. Walipovikuza, vilikataa kuruka: vipimo vikiongezwa mara mbili, uzito huongezeka mara nane, lakini eneo linalosukuma hewa mara nne tu. Udadisi huo haukufa; tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa sekunde 12.

Kila rika lina sehemu yake. Mtoto hukunja karatasi. Kijana huchonga mbao nyepesi na kubandika udongo puani ili ndege isawazike. Mzee hufundisha subira. Basi wazazi na walezi, tusiharakishe kusema, “Acha mchezo, kasome.” Tuketi nao, tuunde pamoja.